Sura ya Sita: Kubadilisha Oili ya Giaboksi ya Otomatiki Nyumbani

Magari mengi madogo yanayopita kati ya Sirari, mji wa Tarime, Nyamongo na Mugumu yalianza kazi Japani, ambako yalitembea juu ya lami kwa miaka mingi kabla ya kuuzwa, kupakiwa melini na kushushwa bandarini, na sehemu kubwa ya magari hayo, yakiwemo Toyota IST, Spacio, Raum, Noah na Nissan X-Trail, hujibadilishia gia yenyewe bila dereva kukanyaga klachi. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Isebania, sheria ya Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka minane, ilhali Tanzania huliruhusu gari kuukuu zaidi na kuliongezea kodi. Matokeo yake ni kwamba mnunuzi wa Tarime au wa Serengeti hukabidhiwa mara nyingi giaboksi iliyokwisha kufanya kazi miaka kumi na mitano au zaidi, ambayo oili yake haijulikani ilibadilishwa lini, au kama iliwahi kubadilishwa. Kuibadilisha oili hiyo nyumbani ni kazi inayowezekana kabisa kwa mtu aliyewahi kushika spana, kwa kuwa haidai nguvu nyingi wala mashine. Inachodai ni kipimo, yaani kujua aina halisi ya oili, kujua ni lita ngapi zimetoka, na kurudisha kiasi kilekile bila kubahatisha.

Katika injini, oili hulainisha na kupoza. Katika giaboksi ya otomatiki hufanya hayo mawili na mengine makubwa zaidi, kwa sababu yenyewe ndiyo inayobeba nguvu. Mahali pa klachi ya kawaida pana chombo cha duara kiitwacho toku konveta, ambacho kazi yake hueleweka kwa kufikiria mapangaboi mawili yanayotazamana ndani ya chungu kilichojaa oili: la kwanza huzungushwa na injini na kuisukuma oili, na oili hiyo hulizungusha la pili, ambalo limeunganishwa na gia. Nguvu yote inayolipandisha gari mlimani, wakati toku konveta haijajifunga, hupita katika kimiminika. Nyuma ya chombo hicho kuna pampu inayozungushwa na injini, na oili inayotoka kwenye pampu hupelekwa kwa shinikizo katika bamba lenye njia nyembamba nyingi, liitwalo valvu bodi, ambamo vali ndogo zinazoendeshwa kwa umeme huamua ni fungu lipi la pleti za klachi libanwe na lipi liachiwe. Dereva anapohisi gari limeingia gia ya pili, kilichotokea ni oili kufunguliwa njia moja na kufungiwa nyingine.

Pleti hizo zinatakiwa kushikana, na hapo ndipo ugumu wa kuitengeneza oili hii ulipo, kwa maana oili isiyo na msuguano wa kutosha huziacha pleti ziteleze na kuungua, na yenye msuguano uliozidi huzishikisha kwa kishindo. General Motors ya Marekani ilipoanza kuuza giaboksi yake ya Hydra-Matic mwaka 1939, katika magari ya Oldsmobile ya toleo la 1940, wahandisi walikuwa bado wanatafuta uwiano huo, na kwa miaka mingi kiungo kimojawapo kilichowapa uwiano mzuri kilikuwa mafuta ya nyangumi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Marekani ilipiga marufuku bidhaa za nyangumi, na ilibidi kemikali za viwandani zichukue nafasi yake. Tangu wakati huo kila kampuni imekuwa na mchanganyiko wake, na tofauti kati ya mchanganyiko mmoja na mwingine haionekani kwa macho.

Adui mkubwa wa mchanganyiko huo ni joto. Giaboksi iliyo salama hufanya kazi katika nyuzi joto 80 hadi 95 za Selsiasi, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba, kupita kiwango hicho, kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya oili kwa takriban nusu, kwa sababu oili iliyopata joto hushika oksijeni kwa kasi, hupoteza mnato wake na kuacha utando wa rangi ya kahawia juu ya vali. Barabara za wilaya za Tarime na Serengeti huzalisha joto hilo kwa namna mbalimbali. Gari linalovuka Daraja la Kirumi, karibu na usawa wa Ziwa Victoria, ambao ni mita 1,134 hivi juu ya bahari, hupanda zaidi ya mita 300 hadi kufika mji wa Tarime, na kama ni Noah iliyojaa abiria na mizigo juu, injini huzunguka kwa nguvu wakati magurudumu yanakwenda polepole, na tofauti hiyo ya mizunguko yote huishia kuwa joto ndani ya toku konveta. Njia ya kilomita 87 kati ya Tarime na Mugumu, inayopita Nyamwaga na Nyamongo na kuvuka Mto Mara, ina miteremko na miinuko ambayo huilazimisha giaboksi kubadilisha gia mara nyingi kuliko barabara ya tambarare ya urefu huohuo.

Masika huleta hatari ya pekee, nayo haizungumzwi inavyostahili. Gari linaponasa katika udongo mweusi wa mbuga za Serengeti, au katika utelezi wa udongo mwekundu wa milima ya Tarime, dereva huzoea kulichezesha kwa kuingiza D, kukanyaga mafuta, kurudi R na kukanyaga tena, mpaka lichomoke. Kila anapokanyaga na gari lisisogee, sehemu kubwa ya nguvu ya injini hugeuka kuwa joto ndani ya lita chache za oili, wakati huohuo pleti zikibanwa na kuachiwa kwa ghafla, na dakika chache za kazi hiyo zinaweza kuichosha oili kuliko safari ndefu ya lami. Dereva mwenye busara huchimba matope mbele ya matairi, huweka mawe au matawi, huomba watu wasukume, na kama itambidi kukanyaga basi huacha injini ipumzike katika N kati ya jaribio moja na lingine.

Kwa sababu hizo, kauli ya baadhi ya watengenezaji kwamba oili fulani imetiwa kwa maisha yote ya giaboksi haipaswi kuchukuliwa kama ilivyo. Maisha yaliyokusudiwa ni ya mmiliki wa kwanza, kwenye barabara njema, pasipo mzigo mzito, na gari lililofika Tarime limekwisha kuyamaliza hayo na kuanza mengine. Kwa matumizi magumu, muda unaofaa ni kati ya kilomita 40,000 na 60,000, na kwa gari linalobeba abiria kila siku ni vema kushika ile idadi ndogo.

Aina ya oili ndipo wengi wanapoharibikiwa kabla hata ya kufungua boliti. Madukani oili hii huitwa haidroliki, jina linalojumuisha oili ya usukani, ya jeki na ya giaboksi, na kwa kuwa zote hizo mara nyingi ni nyekundu, muuzaji na mnunuzi huafikiana kwa rangi. Rangi hiyo hutiwa tu ili mvujo wa giaboksi utofautishwe na wa injini, na haisemi lolote juu ya msuguano. Toyota IST ya kwanza, iliyotoka mwaka 2002 ikiwa na giaboksi ya gia nne, hutumia oili ya Toyota iitwayo Type T-IV, na Toyota nyingi za baadaye hutumia WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Oili ya Dexron inayouzwa kwa ajili ya usukani haichukui nafasi ya yoyote kati ya hizo. Noah inadai uangalifu zaidi, kwa kuwa zile zilizotengenezwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 2004 zina gia nne za kawaida, na baada ya hapo zilianza kufungwa CVT, mfumo usio na gia za ngazi bali mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. X-Trail nayo ilifuata mkondo huo katika toleo lililoanza mwaka 2007. Mkanda wa CVT unahitaji oili yake maalumu, TC kwa Noah hiyo na NS-2 kwa X-Trail, na ukitiwa oili ya kawaida ya otomatiki huteleza, hukwaruza puli, na kinachobaki ni kutafuta giaboksi nyingine.

Jibu la uhakika halitoki kwa muuzaji wala kwa jirani mwenye gari linalofanana. Katika Toyota nyingi jina la oili limechorwa kwenye dipstiki yenyewe, ule ukanda wa chuma wa kupimia, na hata maandishi yakifunikwa na uchafu husomeka yakifutwa kwa tambara na kuelekezwa kwenye mwanga. Oili inunuliwe katika galoni iliyofungwa na kiwanda, na ile inayopimwa kutoka kwenye pipa iachwe, kwani hakuna awezaye kujua kilichomo.

Kazi yenyewe huanza kwa kulipasha gari moto kwa mwendo wa dakika kumi hivi, ili oili iwe laini na uchafu uliotulia uchanganyike nayo, ingawa isiwe ya moto kiasi cha kuunguza mkono. Gari huegeshwa mahali tambarare na pagumu, gia ikiwa P, breki ya mkono ikiwa imevutwa na mawe yakiwa yamewekwa nyuma na mbele ya magurudumu ya nyuma. Likiinuliwa kwa jeki lazima likalishwe juu ya vigingi vya chuma au magogo mapana yasiyooza, na katika jambo hili hakuna nafuu ya kutafuta: jeki huteleza, hasa juu ya ardhi ya udongo, na mtu aliyelala chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake amekaa mahali pa kufia.

Chini ya gari kuna boliti mbili za kumwagia oili zilizo karibu, na kuzichanganya ni kosa linalorudiwa sana. Katika Toyota ndogo nyingi, boliti ya injini ina kichwa cha kufunguliwa kwa spana namba 14, na boliti ya giaboksi ina tundu la pembe sita ambamo huingia alenkii ya namba 10. Asiyejua humwaga oili ya giaboksi akidhani ni ya injini, kisha humimina lita nne za oili mpya kwenye injini ambayo bado imejaa, na kuliwasha gari lenye injini iliyozidishiwa na giaboksi iliyokauka. Dalili ya kumtanabahisha ni rangi na wembamba wa kinachotoka: oili ya injini iliyotumika ni nyeusi, na ya giaboksi, hata iliyochoka, huwa na wekundu au ukahawia unaopitisha mwanga na hutiririka kama maji mazito.

Oili inayotoka ikingwe yote, isipotee hata tone. Dumu la lita tano la mafuta ya kula, likikatwa ubavuni, hufaa kuwa beseni, na vipimo huwekwa kabla ya kazi kwa kumimina maji chupa ya lita moja baada ya nyingine na kuchora mstari kila mara, kisha dumu likakaushwa kabisa. Kwa gari dogo, kinachotoka kwa boliti peke yake ni lita tatu hadi nne hivi, ilhali giaboksi nzima hushika kati ya sita na nane, kwa kuwa kiasi kikubwa hubaki ndani ya toku konveta na katika mirija ya kupozea.

Kabla ya kufikiria oili mpya, ile ya zamani isomwe. Matone machache juu ya karatasi nyeupe huonyesha mengi: wekundu uliofifia ni uzee wa kawaida, kahawia nzito yenye harufu ya kuungua ni dalili ya pleti zilizoteleza, na rangi ya waridi yenye utusitusi, mithili ya maziwa yaliyotiwa rangi, maana yake maji ya rejeta yameingia, kwa sababu mrija wa kupozea oili ya giaboksi hupita ndani ya tangi la rejeta na unapotoboka vimiminika hivyo viwili huchanganyika. Gari la hali hiyo lisitembezwe tena mpaka rejeta ibadilishwe, kwa kuwa maji hubambua gundi ya pleti. Sampo, yaani karai la bati lililo chini ya giaboksi, likishushwa, ndani yake huonekana sumaku ndogo zilizoshika tope la kijivu, na tope hilo likiwa laini kama grisi kati ya vidole si la kutisha, ila vipande vinavyometameta na kukwaruza ni chuma kilichovunjika. Filta ya Toyota nyingi za zamani ni wavu wa chuma unaooshwa kwa petroli na kupulizwa, na ile ya kitambaa hubadilishwa. Gasketi iwe mpya. Boliti za sampo ni nyembamba na hukazwa kwa kupishana pembe kwa pembe, kwa mkono mwepesi, kwani nyuzi zimechongwa kwenye aluminiamu na mtu mwenye nguvu huzivua bila kujua.

Oili mpya humiminwa kupitia bomba la dipstiki kwa mrija mwembamba, ikipimwa kwa chupa ileile iliyochora mistari ya dumu: zikitoka lita tatu na nusu, zirudi lita tatu na nusu. Injini huwashwa, na breki ikiwa imekanyagwa, mkono wa gia hupitishwa taratibu kutoka P hadi R, N, D na L, ukitulizwa sekunde chache kila mahali ili oili ijaze kila njia, kisha hurudishwa P. Upimaji wa mwisho hufanywa gari likiwa limetembea na giaboksi imepata moto kamili, injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na oili inatakiwa kufika kati ya alama mbili za upande ulioandikwa HOT. Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa, muda mfupi baada ya kuzimwa, na anayepima Honda kwa desturi ya Toyota hupata jibu la uongo. Magari yanayotumia WS mengi hayana dipstiki kabisa. Kiwango chake hupimwa kwa boliti ya kufurikia, oili ikiwa katika nyuzi joto zilizotajwa na kiwanda, ambazo hujulikana kwa kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, na mwenye gari la namna hiyo asiye na kifaa hicho ni afadhali aende kwa fundi aliye nacho.

Kuzidisha oili ni kosa sawa na kuipunguza, jambo ambalo wengi hawaliamini kwa kuwa wamezoea kuona ziada kama akiba. Oili ikipanda mpaka kuguswa na gia zinazozunguka, huchapwa na kuwa povu, na povu lina hewa, na hewa haisukumi pleti. Gari huanza kuchelewa kuingia gia kana kwamba oili imepungua, na mwenye gari huongeza tena.

Kwa kuwa umwagaji mmoja huondoa takriban nusu tu, kazi hurudiwa. Giaboksi ya lita saba inayomwaga tatu na nusu huwa na nusu ya oili mpya baada ya mara ya kwanza, asilimia 75 baada ya pili, na 87 na nusu baada ya tatu, gari likitembea kilomita mia kadhaa katikati ili oili ichanganyike. Njia hii hugharimu muda na galoni za ziada, ila kwa giaboksi isiyojulikana historia yake ni salama kuliko kuisafisha kwa mashine ya shinikizo, ambayo inaweza kuutibua uchafu wa miaka mingi na kuupeleka kwenye vali. Kwa giaboksi iliyokwisha kuanza kuteleza, injini ikipiga kelele na gari lisivute, oili mpya haitaponya kitu, maana kilichokwisha ni pleti zenyewe, na fundi anayeahidi kinyume chake anauza galoni tu.

Gari likikwama njiani, pengine kati ya Natta na Mugumu, lisivutwe kwa kamba hadi gereji magurudumu yanayoendesha yakiwa chini. Pampu ya oili huzungushwa na injini, na injini iliyozimwa haipampu; gia huzunguka kavu kwa kilomita zote hizo, na gari lililoharibikia alternata hufika likiwa limeharibika giaboksi pia. Gari linalovuta kwa mbele huinuliwa magurudumu ya mbele, na lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne hupakiwa juu ya lori. Kusukuma ili liwake nako hakusaidii, kwa sababu hiyohiyo ya pampu isiyozunguka.

Oili iliyotolewa hufungwa ndani ya dumu lenye mfuniko na kupelekwa gereji inayokusanya oili chafu. Haimwagwi mferejini, kwa kuwa mifereji mingi ya nyanda hizi huishia Mto Mara, na mto huo hupita katika ardhi oevu ya Kirumi kabla ya kuingia ziwani, huku watu na mifugo wakiutegemea njia nzima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni mwa mto kuwa eneo la kulindwa dhidi ya shughuli zinazoweza kuuathiri. Desturi ya kupaka nguzo za uzio oili chafu ili mchwa wasizile imeenea, lakini nguzo iliyo karibu na kisima au bustani ya mboga isipakwe, kwa sababu mvua huishusha oili hiyo udongoni.

Gari likiwa limerudishwa chini, huachwa juu ya kipande safi cha boksi usiku mzima, na asubuhi boksi hilo hukaguliwa chini ya boliti na kandokando ya sampo. Likiwa kavu, huandikwa katika karatasi inayokaa pamoja na kadi ya gari: tarehe, kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, jina kamili la oili, lita zilizotoka na zilizoingia, rangi ya oili ya zamani na hali ya sumaku. Mmiliki atakayelinunua gari hilo baadaye atakuwa wa kwanza, tangu litoke Japani, kujua kilichomo ndani ya giaboksi yake.